Mpango wa taka na mpango wa tabianchi uwe mmoja: mwongozo kwa halmashauri

Halmashauri nyingi zina nyaraka mbili zisizosalimiana. Ya kwanza ni mpango wa taka ngumu, unaokaa idara ya afya au mazingira na kuzungumzia magari, vizimba na dampo. Ya pili ni mpango wa tabianchi, uliojaa miti ya kupanda na taa za sola. Anayesoma wa kwanza haoni neno methani, gesi inayotoka taka zikioza pasipo hewa na inayopasha joto dunia. Anayesoma wa pili haoni neno taka. Ilhali kwa halmashauri ya kawaida, isiyo na mtambo wa umeme wala viwanda vikubwa, taka ni miongoni mwa vyanzo vichache vya gesijoto vilivyo chini ya mamlaka yake moja kwa moja. Halmashauri haipangi bei ya mafuta wala haijengi gridi ya taifa, lakini soko, gari la taka na dampo ni vyake.

Hatua zilizo hapa chini ni kwa ajili ya afisa mazingira, diwani au mtaalamu wa mipango aliyepewa kazi ya kuandaa mpango mmoja unaobeba mambo yote mawili. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: taka zinazooza ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Ndizo zinazotoa harufu, ndizo nzito kwenye gari, ndizo zinazotoa maji machafu chini ya dampo, na ndizo zinazozalisha methani. Ukizishughulikia, robo tatu ya matatizo mengine yanakuwa mepesi. Ukiziacha, hata dampo la kisasa halitakuokoa, na nitaonyesha kwa hesabu kwa nini.

Hatua ya 1: Kusanya watu sahihi kabla ya kuandika chochote

Afisa afya na afisa mazingira hawakosekani kwenye kamati za taka. Wanaosahaulika ni mweka hazina, mhandisi wa barabara na mifereji, afisa kilimo, msimamizi wa masoko na mwakilishi wa waokota taka. Mweka hazina ndiye anayejua kama fedha ya mafuta ya magari inatoka kila mwezi au inategemea ruzuku inayochelewa. Afisa kilimo anajua nani atachukua mboji na nani hataigusa. Waokota taka wanajua kinachofika dampo, kinatoka mtaa gani na saa ngapi, kuliko ripoti yoyote iliyo kabatini.

Kikao cha kwanza kiamue mipaka ya eneo na mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao maendeleo yote yatalinganishwa nao. Msitumie kikao hicho kujadili kununua mitambo. Wauzaji wa mitambo hufika mapema sana kwenye kazi hizi, na halmashauri isiyo na takwimu zake haina cha kuwajibu.

Hatua ya 2: Pima taka zako mwenyewe

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za manispaa mwaka 2016, wastani wa kilo 0.74 kwa mtu kwa siku. Lakini ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba wastani wa nchi moja moja unaanzia kilo 0.11 na kufika kilo 4.54. Tofauti ni mara arobaini. Kwa hiyo kuchukua wastani wa dunia na kuuzidisha kwa idadi ya watu wako ni kubahatisha, na mpango utakaojengwa juu yake utanunua magari mengi mno au machache mno.

Njia iliyo rahisi kufuata ni ile ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliyotengenezwa kwa ajili ya miji isiyo na takwimu. Unachagua maeneo tisa: matatu ya kipato cha chini, matatu ya kati, matatu ya juu. Kila eneo unachukua kaya kumi, jumla kaya 90. Unazipa mifuko, na unakusanya kila siku kwa siku nane mfululizo. Mfuko wa siku ya kwanza unautupa bila kuuhesabu, kwa sababu mara nyingi una taka zilizokuwa zimelundikana nyumbani kabla zoezi halijaanza. Siku saba zinazobaki zinakupa wiki kamili, pamoja na mwisho wa juma ambapo watu hupika na kununua tofauti.

Siku ya kuchambua ndiyo inayoharibu au kuokoa zoezi zima, kwa hiyo nitaielezea kwa kirefu. Tafuta mahali penye kivuli na sakafu ngumu, utandike turubai. Weka meza yenye wavu wa matundu madogo juu yake, na ndoo zilizoandikwa kwa herufi kubwa: chakula na maganda, majani ya bustani, karatasi, plastiki laini, plastiki ngumu, chuma, kioo, nguo, pampasi, taka hatarishi, mengineyo. Kila ndoo ipimwe ikiwa tupu na uzito wake uandikwe ubavuni. Wachambuaji wawe na glavu nene, buti na barakoa, na wawe wamechanjwa pepopunda. Sindano na vioo vilivyovunjika hukutwa hata kwenye taka za nyumba zinazoonekana safi. Kisha fungua kila mfuko, na kila kifurushi kilicho ndani ya mfuko. Kosa linalojirudia ni mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, wenye mabaki ya chakula ndani, kutupwa kwenye ndoo ya plastiki. Mifuko michache ya namna hiyo inatosha kupunguza asilimia ya taka zinazooza na kupandisha ya plastiki, na mpango mzima ukaelekea kusikotakiwa. Kinachopita kwenye wavu na kudondoka chini, mchanga na vumbi la kufagia, nacho kinapimwa peke yake. Katika maeneo yenye nyua za udongo, kiasi chake si kidogo, na ni mzigo unaosafirishwa kwa gharama kubwa bila faida yoyote.

Rudia zoezi msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Taka zilizolowa zina uzito mwingine kabisa.

Kaya peke yake hazitoshi. Pima masoko, shule, hoteli, ofisi na hospitali (taka za kawaida tu, zile za tiba zina utaratibu wake). Halafu nenda dampo. Kama hakuna mizani ya magari, omba kutumia ya kiwanda au ya mamlaka ya barabara kwa wiki moja, na pima kila aina ya gari likiwa limejaa na likiwa tupu. Ikishindikana, zidisha ujazo wa gari kwa uzito wa taka kwa mita ya ujazo. Taka mchanganyiko zenye unyevu mwingi huwa kati ya kilo 300 na 500 kwa mita ya ujazo hata kabla ya kushindiliwa. Namba hiyo ikumbuke, tutaihitaji tukifika kwenye magari.

Hatua ya 3: Geuza tani kuwa gesi

Hapa ndipo wengi huita mshauri, na si lazima kwa makadirio ya kwanza. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lina mwongozo wa mwaka 2006 wenye viwango ambavyo halmashauri yoyote inaweza kutumia kwa kalamu na kikokotoo.

Taka za chakula zina kaboni inayoweza kuoza kiasi cha asilimia 15 ya uzito wake zikiwa mbichi. Nusu ya kaboni hiyo huoza kweli. Nusu ya gesi inayotoka ni methani. Kugeuza kaboni kuwa methani unazidisha kwa 16 na kugawanya kwa 12. Mwisho unazidisha kwa kiwango kinachotegemea aina ya dampo: 1.0 kwa dampo lililosimamiwa, linaloshindiliwa na kufukiwa bila hewa ndani; 0.8 kwa jalala lisilosimamiwa lenye kina cha mita 5 au zaidi, 0.4 kwa jalala lisilosimamiwa lenye kina kidogo, 0.5 kwa dampo lililojengwa kupitisha hewa. Karatasi ina kaboni zaidi, asilimia 40, na majani ya bustani asilimia 20.

Chukua mfano wa halmashauri ya watu 200,000, kila mmoja akizalisha nusu kilo kwa siku. Hizo ni tani 100 kwa siku. Tuseme tani 60 zinafika kwenye jalala lenye kina, na nusu yake ni chakula na maganda: tani 30 kwa siku, karibu tani 10,950 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 0.8, kila tani itatoa kilo 40 za methani kadiri inavyooza. Jumla ni tani 438 za methani. Kwa kipimo cha miaka 100, methani inayotokana na uozo ina nguvu ya kupasha joto mara 27 ya hewa ukaa, kwa hiyo taka za chakula za mwaka mmoja tu ni sawa na tani 11,800 hivi za hewa ukaa. Kwa kipimo cha miaka 20 methani ni karibu mara 80, na ndiyo maana kuipunguza sasa kunaonekana kwenye joto la dunia haraka kuliko hatua nyingine nyingi.

Sasa rudi kwenye vile viwango vinne na uvitazame vizuri. Halmashauri yenye jalala la kina kidogo, ikijenga dampo la kisasa linaloshindiliwa na kufukiwa kila siku, inatoka 0.4 kwenda 1.0. Kwa kila tani ileile ya chakula, methani inaongezeka mara mbili na nusu. Nzi wamepungua, moshi umeisha, maji ya chini ya ardhi yamelindwa, na yote hayo ni mema na ya lazima. Lakini gesi imeongezeka, kwa sababu chakula kimefungiwa mahali pasipo hewa. Ni lazima mpango useme wazi gesi hiyo itakwenda wapi.

Jibu la kawaida ni kuweka mabomba ya kuvuna gesi. Yanafaa, lakini huchelewa. Katika maeneo ya joto na mvua nyingi, chakula huoza haraka mno: kwa viwango vya IPCC, nusu yake inakuwa imekwisha kabla ya miaka miwili. Mabomba huwekwa baada ya sehemu ya dampo kujaa na kufunikwa. Yanapoanza kuvuta, sehemu kubwa ya gesi ya chakula imekwishatoroka. Jibu lenye uhakika zaidi ni chakula kutofika dampo kabisa.

Endelea na mfano uleule. Theluthi moja ya chakula, tani 3,650 kwa mwaka, ikienda kwenye mboji, unaepusha tani 146 za methani, sawa na tani 3,940 za hewa ukaa. Mboji yenyewe hutoa gesi kidogo. Viwango vya IPCC ni kilo 4 za methani na kilo 0.24 za oksidi ya nitrasi, gesijoto nyingine yenye nguvu zaidi, kwa tani ya taka mbichi, ambavyo kwa pamoja ni sawa na kilo 174 hivi za hewa ukaa. Ukiitoa, faida halisi ni karibu tani 3,300 kila mwaka. Andika hesabu hii kwenye ukurasa mmoja, kwa takwimu zako. Ndiyo ukurasa utakaosomwa na wizara inayoandaa mchango wa taifa, yaani ahadi ya nchi ya kupunguza gesijoto, chini ya Mkataba wa Paris, na nchi zaidi ya 150 zilizojiunga na Ahadi ya Kimataifa ya Methani, iliyozinduliwa mwaka 2021 na kulenga kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zinahitaji kurasa za namna hiyo kutoka chini.

Hatua ya 4: Anza sokoni, halafu mitaani

Mipango mingi huanza kwa kutangaza kwamba kila nyumba itenganishe taka kuanzia tarehe fulani. Magari hayajawa tayari, mapipa hayajafika, na baada ya miezi mitatu watu wameacha. Kuwarudisha ni kazi ngumu kuliko kuwaanzisha.

Anza na wazalishaji wakubwa: masoko ya mboga na matunda, machinjio, hoteli, mabweni, viwanda vya kusindika vyakula. Taka za soko la mboga karibu zote zinaoza, zinapatikana mahali pamoja, na halmashauri tayari inakusanya ushuru pale. Unachohitaji ni kasha moja la taka zinazooza, kasha jingine la plastiki na maboksi, na msimamizi anayelipwa kusimama pale saa za kufunga. Soko moja likienda vizuri linaweza kutoa tani nyingi kuliko mitaa kumi ya makazi, na linawapa madiwani mahali pa kwenda kuona kwa macho.

Makazi yafuate kwa awamu. Milan, nchini Italia, mji wa watu zaidi ya milioni moja, ulianza kukusanya taka za chakula majumbani mwishoni mwa mwaka 2012 na kuuenea mji mzima hadi 2014, eneo kwa eneo. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia chakula moja kwa moja dampo mwaka 2005, na utaratibu wa kulipia kulingana na kiasi ukaenea nchini mwaka 2013. Kati ya hatua hizo mbili ni miaka minane. Mpango wa halmashauri ujipe muda wa namna hiyo.

Kwa nyumba, makundi mawili yanatosha kuanzia: zinazooza na kavu. Betri, dawa zilizokwisha muda na vifaa vya umeme viwekewe siku maalumu ya kupokelewa. Anayedai makundi sita tangu siku ya kwanza hajakaa jikoni penye nafasi ya ndoo moja.

Hatua ya 5: Magari na watu wa kuzoa

Kama kuna jambo moja linaloua utenganishaji, ni mwananchi kuona mifuko yake miwili ikitupwa kwenye gari moja. Usianze eneo lolote kabla hujawa na njia ya kubeba kila kundi peke yake: siku tofauti, magari tofauti, au gari lenye sehemu mbili. Siku tofauti ndiyo njia ya bei nafuu zaidi. Taka zinazooza zibebwe mara nyingi zaidi, angalau kila baada ya siku moja kwenye joto. Kavu zinaweza kusubiri wiki.

Kuhusu aina ya magari, kumbuka ile namba ya kilo 300 hadi 500. Magari ya kushindilia yalibuniwa kwa taka nyepesi zilizojaa vifungashio na hewa. Taka zenye maji mengi tayari ni nzito. Ukizishindilia unakamua maji barabarani na kuvunja ekseli, huku ukiongeza mzigo kidogo sana. Matrekta, magari ya kawaida ya kupakulia, guta na mikokoteni ya vikundi vya mtaa hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo, na vipuri vyake hupatikana kwa fundi yeyote.

Waokota taka wanahitaji nafasi yao kwenye mkataba, na waitwe kabla mkataba haujaandikwa. Katika mji wa Pune, India, ushirika wao wa SWaCH uliingia mkataba na manispaa mwaka 2008, na wanachama wake wakawa wanakusanya taka mlango kwa mlango na kulipwa ada na kaya. Bogotá, Kolombia, baada ya mapambano marefu mahakamani, ilianza mwaka 2013 kuwalipa kwa kila tani wanayookoa. Hoja ya haki ipo na ninaiamini kwa moyo wote, lakini hata kwa hesabu kavu, kila tani wanayoitoa ni tani ambayo halmashauri haikuisafirisha wala kuifukia. Mpango unaofunga dampo kwa uzio na kuwaacha nje umeharibu maisha yao na pia umejiongezea gharama.

Hatua ya 6: Mboji inayonunuliwa

Tafuta mnunuzi kwanza. Vitalu vya miche, bustani za halmashauri yenyewe, mashamba ya maua, wakulima wa mboga walio pembezoni mwa mji: nenda uwaulize wanahitaji kiasi gani, kwa ubora gani, na msimu gani. Viwanda vya mboji vilivyokufa vilikufa mara nyingi kwa kutumia taka mchanganyiko. Mboji yake hutoka na vipande vya kioo na plastiki, na mkulima aliyekatwa kidole mara moja harudi.

Utaalamu wenyewe haufichiki. Changanya vitu vibichi vyenye maji, kama maganda, na vikavu kama majani na vumbi la mbao, hadi kaboni iwe takriban mara 25 hadi 35 ya naitrojeni. Panga matuta yenye kimo cha mita moja na nusu hivi. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60: ukikamua kiganja cha mchanganyiko, matone machache tu yatoke. Joto la ndani lifike nyuzi 55 na lidumu, huku tuta likigeuzwa ili kila sehemu ipite kwenye joto hilo. Kwa matuta ya wazi kanuni inayotumika sana ni siku 15 na kugeuza mara tano. Tuta lisipogeuzwa, ndani huwa hakuna hewa, na linaanza kutoa methani ileile uliyotaka kuiepuka. Kwa hiyo kipimajoto kirefu na daftari la kumbukumbu ni vifaa vya tabianchi sawasawa na bomba la gesi.

Mabaki yenye maji mengi sana yanaweza kulishwa funza wa inzi askari weusi, ambao baadaye huwa chakula cha kuku na samaki. Mtambo wa biogesi unafaa pale penye taka safi za kila siku na mtu wa kutumia gesi papo hapo, kama jiko la shule.

Kuhusu kuchoma taka ili kupata umeme, muulize muuzaji swali moja: taka zetu zina nguvu kiasi gani kwa kilo? Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka wastani wa megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na zisishuke chini ya 6 msimu wowote. Taka zenye nusu yake maganda mabichi hazifiki hapo kwa urahisi, na msimu wa mvua ndio kabisa.

Hatua ya 7: Dampo, mvua na maporomoko

Tabianchi haiko upande wa gesi peke yake. Mvua kubwa tayari zinaua watu madamponi. Payatas, Ufilipino, mlima wa taka uliporomoka Julai 2000 baada ya mvua nyingi na kuua zaidi ya watu 200. Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, zaidi ya watu 30 walifukiwa. Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, walikufa zaidi ya 100. Waliokufa ni watu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi chini ya miteremko hiyo, na wengi walikuwa hawana pengine pa kwenda.

Kwa hiyo, kabla ya mradi wowote mkubwa, fanya mambo haya ambayo hayahitaji mfadhili. Pima mteremko wa dampo lililopo na uulaze hadi usizidi mita moja ya kimo kwa mita tatu za ulalo. Chimba mfereji wa kuzuia maji ya juu yasiingie kwenye rundo. Weka mpaka wa usalama chini ya mteremko, na wanaoishi ndani yake wapewe makazi mengine kabla ya msimu wa mvua. Punguza eneo linalomwagwa taka liwe dogo, lisawazishwe na kufunikwa udongo. Zima mioto; moto ukiukuta unafuka chini kwa chini, fukua na uzibe kwa udongo, kwani maji peke yake huchochea maporomoko.

Ukiboresha dampo bila fedha ya mabomba ya kuvuna gesi, fikiria mbinu ya Fukuoka, iliyobuniwa katika mji wa Fukuoka, Japani, miaka ya 1970. Chini ya taka hulazwa bomba kubwa lenye matundu, limezungukwa na mawe, mdomo wake ukiachwa wazi. Maji machafu hutoka kwa mdomo huo, na hewa huingia kwa mdomo huohuo, ikivutwa na joto la uozo. Mabomba ya wima hutoa gesi juu. Ndiyo ile 0.5 kwenye viwango vya IPCC, nusu ya methani ya dampo lililofungwa. Koshe ilitengenezwa kwa mbinu hii baada ya maafa.

Mjini kwenyewe, tatizo ni mifereji. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, baada ya kubainika kuwa iliziba mifereji na kuzidisha mafuriko ya 1988 na 1998. Kwenye ramani ya halmashauri, weka alama sehemu zinazofurika, halafu weka alama mitaa isiyofikiwa na gari la taka. Mara nyingi alama hizo hukutana. Mitaa hiyo ndiyo ipewe huduma mwanzo, na mifereji izibuliwe mwezi mmoja kabla ya mvua, taka zilizotolewa zikibebwa siku hiyohiyo. Zikiachwa kando ya mfereji, mvua ya kwanza inazirudisha ndani.

Hatua ya 8: Fedha, kisha sheria ndogo

Katika nchi za kipato cha chini, taka hula wastani wa asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, kwa mujibu wa Benki ya Dunia, na sehemu kubwa huishia kwenye ukusanyaji. Ndiyo maana mpango unaoonyesha ununuzi tu haujakamilika. Kwa kila kifaa andika mafuta, matairi, fundi na mshahara wa miaka mitano. Gari lisilo na mstari wa matairi kwenye bajeti lisinunuliwe.

Ada ya taka ikusanywe pamoja na bili nyingine pale inapowezekana, na wenye kipato kidogo walipe kidogo. Fedha iingie kwenye akaunti yake. Mapato ya kaboni, yaani fedha zinazolipwa kwa gesijoto iliyopunguzwa, yahesabiwe kama nyongeza, kamwe yasiwe mshahara wa mtu: hulipwa baada ya kupima na kuhakikiwa, na miradi mingi ya gesi ya madampo iliyosajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa tabianchi uliotangulia ule wa Paris, ilivuna gesi pungufu kuliko makadirio yake.

Sheria ndogo zije baada ya huduma. Kumtoza faini anayechoma taka kwenye mtaa usiofikiwa na gari ni kumwonea. Moshi huo una masizi yanayopasha joto na sumu zinazoingia mapafuni, ni kweli, na dawa yake ya kwanza ni gari kufika. Huduma ikishakuwepo kwa msimu mzima, faini isimamiwe bila upendeleo, kuanzia hoteli kubwa.

Hatua ya 9: Kufuatilia

Viashiria vichache vinatosha, mradi vipimwe kweli: tani za taka zinazooza zilizopimwa kwenye mizani ya mboji kabla hazijafika dampo, kaya zinazohudumiwa kati ya zote, tani zilizoingia dampo, na gharama kwa tani. Taarifa ya kila robo mwaka iwe kurasa mbili, isomwe kwenye baraza la madiwani na kubandikwa ubaoni kila mtaa. Mafunzo, semina na mabango yaliyochapishwa yasihesabiwe kama matokeo.

Kila msimu wa mvua ukiisha, mhandisi apime upya miteremko ya dampo. Kila mwaka wa tatu rudieni zoezi la kaya 90, kwa mitaa ileile, ndoo zilezile na misimu ileile, halafu fanyeni upya hesabu ya methani kwa takwimu hizo mpya kabla ya kupitisha bajeti inayofuata.